Bata wa Hatua ya Ishirini na Saba

Jina langu ni Waziri, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Kule Nanyamba nilikozaliwa watu waliniita hivyo kwa sababu ndilo jina nililopewa, lakini mimi nilikua nikilisikia kama cheo. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji chetu kufika chuo kikuu, tena kwa hisabati, na niliporudi Mtwara kufundisha sekondari sikumpa mtu nafasi ya kulisahau jambo hilo. Ukiniuliza saa, nilikutajia na sekunde. Kwenye shughuli, tukikaa watu watano kwenye sinia moja, niliwaonyesha kwa kidole mpaka wa kila mtu kwa mujibu wa pembe za duara. Sikuelewa kwa nini watu walikuwa wakihamia sinia nyingine.

Mwaka 2004 tulikuwa tunakaa Chuno: mimi, mke wangu Mastura, ambaye kwao ni Mikindani, na binti yetu wa pekee Mwanaidi, aliyekuwa na miaka kumi. Kaka yake Mastura, Muzamil, alikuwa akifanya kazi Maskati. Aliporudi likizo mwanzoni mwa mwaka huo alimletea mpwa wake gemu la mkononi, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kioo kidogo katikati na kaseti moja iliyochomekwa mgongoni.

Mchezo wenyewe ulitokana na filamu ya katuni ambayo Mwanaidi alikuwa ameitazama kwa mjomba wake mpaka diski ikaanza kukwaruza. Ilimhusu bata mama ambaye watoto wake saba walitawanywa na mafuriko, naye akazunguka bonde zima akiwakusanya. Mimi sikuitazama. Nilisema wanyama wanaoongea ni kwa ajili ya watu wasio na wa kuongea naye. Kwenye gemu, bata alionekana kutoka juu, akisukuma magogo, akipita kwenye malango, akiwapeleka watoto wake kiotani mmoja mmoja. Gogo lilisukumika lakini halikuvutika. Malango mengine yalifunguka pale tu mtoto mmoja alipokaa juu ya jiwe fulani. Ukiwafikisha wote saba umemaliza hatua moja, na hatua zilikuwa sitini. Kwenye boksi palikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili wakicheka mbele ya kioo kimoja, na chini yake maandishi ya Kiingereza yaliyosema mchezo huo ni wa familia nzima, kuanzia miaka sita. Maandishi hayo yalikuja kunitesa kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Nilipinga tangu siku ya kwanza. Muzamil alijaribu kunieleza kwamba ni mchezo wa kufikiri, nami nikamjibu kwamba kufikiri kuna mahali pake, nako ni shuleni. Mwishowe nilikubali saa moja kwa siku, baada ya madrasa na kazi za nyumbani, na nikatangaza uamuzi huo kana kwamba nimesaini mkataba wa amani. Mwanaidi hakubishana. Ni mtoto mkimya. Alikuwa akikaa kwenye mkeka karibu na mlango, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, na kila baada ya wiki mbili tatu alikuwa akisema tu, "Baba, nimefika thelathini." Mimi nilikuwa nikimuuliza kama amefika pia kwenye jedwali la kumi na saba. Kufikia mwezi wa Mei alikuwa hatua ya arobaini na nne. Sikujua maana ya arobaini na nne. Nilidhani ni namba tu, jambo la ajabu kwa mtu anayeishi kwa namba.

Jumamosi moja ya mwezi huo Mastura na Mwanaidi walikwenda Mikindani kusaidia maandalizi ya harusi ya binamu yake Mastura. Nilibaki nyumbani kusahihisha madaftari. Nilipofika daftari la kumi na mbili nikaliona gemu juu ya kabati la vyombo, na nikajiambia kwamba mzazi makini anapaswa kukagua kitu kinachotumiwa na mwanawe. Nasema kweli, neno nililotumia kichwani mwangu lilikuwa "ukaguzi".

Nililiwasha. Muziki ukapiga, bata akapita akichechemea, kisha kioo kikaniuliza swali kwa Kiingereza, mistari mitatu au minne, na chini yake pa kujibu ndiyo au hapana. Kwa miaka kumi na mbili nilikuwa nimewafokea wanafunzi wangu kwa sentensi moja: soma swali kabla hujajibu. Nilikuwa nimeiandika hata juu ya ubao kwa rangi nyeupe. Nikabonyeza ndiyo.

Hatua ya kwanza niliimaliza kwa dakika moja, nikacheka kwa dharau. Ya pili, ya tatu. Ya sita ilinifanya nisogeze kiti karibu na dirisha. Nilipomaliza ya saba nilisikia furaha ambayo sikuisikia hata siku nilipopewa shahada, na ndipo kioo kikaonyesha orodha ya wachezaji. Lilikuwapo jina moja tu, nalo lilikuwa mstari mtupu wenye namba saba mbele yake. Nikatafuta palipoandikwa Mwanaidi. Nikazima, nikawasha. Swali lile likatokea tena, na safari hii nililisoma. Lilikuwa likieleza kwamba kaseti ina nafasi ya mchezaji mmoja, na kwamba nikianza upya, yote yaliyohifadhiwa yatafutika na hayatarudi. Lilimalizia kwa kuuliza kama nina hakika.

Nilikaa pale nikiwa na mashine mapajani. Mtu mwenye akili ya kawaida angesubiri mwanawe arudi, amwambie ukweli, aombe radhi, na mambo yaishe kabla ya chakula. Lakini mimi nilikuwa mtaalamu, na mtaalamu huwa na mpango. Nilipiga hesabu: kama hatua saba zimechukua saa moja na nusu, arobaini na nne zitachukua saa tisa na dakika ishirini na tano na sekunde kadhaa. Siku tatu au nne za kujibana. Ningemrudishia mtoto mashine ikiwa palepale alipoiacha, na asingejua kamwe. Kilichobaki kilikuwa kupata siku hizo nne.

Waliporudi, Mwanaidi alikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Nikamwambia limeharibika. Eti nililiwasha nikaona halifanyi kazi, nikalipeleka kwa fundi. Mastura aliuliza fundi gani, na jina la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa la Filipo.

Filipo alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale sokoni. Alikuwa Mmakonde kutoka upande wa Newala, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, asiyepandisha sauti na asiyezidisha maneno. Kila redio iliyoingia kwake aliifunga kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na watu walisema kwamba kama Filipo amekwambia kitu hakitengenezeki, basi kizike. Nadhani ndiyo sababu jina lake lilinijia. Uongo unapenda kujificha nyuma ya mtu mwaminifu.

Mashine ilihamia kwenye droo ya meza yangu shuleni. Wakati wa mapumziko nilijifungia kwenye stoo ya maabara, katikati ya mizani mbovu na chupa za asidi, nikawa nacheza. Nilimwambia Mwalimu Yustina wa baiolojia, ambaye alikuwa na ufunguo mwingine wa stoo hiyo, kwamba naandaa vifaa. Siku ya tatu alifungua mlango akanikuta nimechuchumaa chini, muziki wa bata ukilia. Alinitazama, akachukua hadubini aliyokuja kuichukua, akafunga mlango taratibu kama anavyofunga mtu aliyekuta mgonjwa amelala.

Hesabu yangu ya saa tisa ilikuwa na kasoro ndogo, kwamba hatua zilizidi kuwa ngumu. Hilo mtoto wa miaka sita angelijua. Siku ya nne nilikuwa hatua ya ishirini. Siku ya saba nilifika ya ishirini na saba, na hapo nikakwama.

Watoto sita walifika kiotani bila taabu. Wa saba alikuwa nyuma ya lango, na lango lilifunguka tu iwapo mtoto mmoja amekaa juu ya jiwe lililokuwa upande wa pili wa bonde. Mama mwenyewe alikuwa mzito, akikanyaga jiwe halikubali. Wote sita wako kiotani, wa saba yuko ndani, na hakuna wa kukaa. Ukimweka mmoja juu ya jiwe kabla ya kumfikisha, magogo yaliziba njia ya wengine. Nilijaribu mara mia, na nasema mia kwa sababu nilizihesabu. Nilichora bonde lile kwenye karatasi za grafu, nikayapa magogo herufi, nikaandika milinganyo. Nilianza kuota magogo.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo likinijia nikiwa naoga husimama kidogo. Nilichora bonde ubaoni, nikaandika masharti yote, nikawapa kidato cha nne kama zoezi la mantiki lenye alama ishirini. Msichana mmoja aliuliza kwa adabu kama mabata yapo kwenye mtihani wa taifa. Nilimwambia hesabu ziko kila mahali. Wanafunzi thelathini na wanane walichora mishale isiyo na kichwa wala miguu. Mmoja, Yohana, aliandika ukurasa mzima akithibitisha hatua kwa hatua kwamba jambo lile haliwezekani. Nilimpa sifuri, na kwa kalamu nyekundu nikaandika: Mvivu wa kufikiri.

Wakati mimi napambana na bata, Mwanaidi alikuwa anatoka shule kila siku anapitia sokoni. Mwanzoni sikujua. Siku ya kwanza Filipo alimwambia hakuna mashine kama hiyo iliyoletwa, pengine baba bado hajafika. Siku ya pili alimwambia vilevile, akamwonyesha na rafu. Mtoto alirudi nyumbani akanieleza. Hapo nilipata mlango wa pili wa kutokea, nao niliupita nikitazama pembeni. Nilimwambia mafundi ndivyo walivyo, vitu vinakuwa vingi wanasahau. Nilisema pole pole, kwa sauti ya mtu mvumilivu anayewaelewa wanadamu wenye upungufu.

Mastura hakuwa na uvumilivu huo. Baada ya wiki mbili za kumwona mwanawe akirudi mikono mitupu, alijitanda kanga yake akaenda sokoni mwenyewe. Haya nilikuja kusimuliwa na watu wengi, na kila mmoja aliongeza lake, lakini shina ni moja. Alimkuta Filipo na wateja wanne. Akamuuliza iko wapi mashine ya mtoto. Filipo akasema hajaiona. Mastura akamwambia kwamba mume wake ni mwalimu, si mtu wa kusema uongo, na kwamba kama mashine imeuzwa basi aseme imeuzwa. Mama mmoja, Bi Rozalia, muuza samaki wakavu, alikuwa ameacha redio yake pale tangu Jumatatu. Aliichukua rafuni ikiwa imefunguliwa nusu, akaifunga kwenye kanga na skrubu zake, akaondoka nayo.

Mastura alinisimulia yote hayo akiwa bado anahema. Alisimulia kwa fahari, kwa sababu amenitetea. Nilikaa nikiwa nimeshika kikombe cha chai, na chai ile sikuinywa.

Nilitaka kusema. Lakini nilijiambia kwamba nimebakiza hatua kumi na nane tu, na kwamba nikifungua hiyo ya ishirini na saba, zilizobaki zitateleza. Kesho yake nilijifungia stoo tena.

Filipo alikuja nyumbani Ijumaa alasiri, nikiwa nimerudi kutoka msikitini. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, la kwendea kanisani. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa pembeni mwa kiti. Mastura hakumpa maji. Mwanaidi alikaa kwenye mkeka wake. Mimi nilikuwa na mkoba wangu wa shule miguuni, na ndani ya mkoba, kati ya daftari la mahudhurio na rula, mlikuwa na bata.

"Mwalimu," alisema, "mimi sikuja kugombana. Nimekaa na hili jambo siku tatu. Nimepekua kibanda, nimepekua na nyumbani, nikafika pahala nikasema labda nimezeeka, labda ulileta nikasahau. Naomba uniambie siku uliyoleta, na ulinikuta nafanya nini. Ukiniambia, na mimi nikakumbuka, nitalipa."

Kama angefoka, ningefoka. Nina sauti kubwa, nimeizoeza darasani. Lakini alikuwa ameinama mbele, miwani yake ya waya ikiteleza puani, akingoja nimsaidie kukumbuka jambo ambalo halikutokea. Alikuwa amefika mahali pa kujishuku mwenyewe kabla ya kunishuku mimi. Mastura naye alinigeukia, uso wake umetulia kabisa, akingoja mumewe aseme siku na saa, na bila shaka sekunde.

Nilifungua mkoba nikaitoa mashine, nikaiweka juu ya meza.

"Sikukuletea, fundi," nilisema. "Nilikuwa nayo mimi."

Mastura alinitazama, akaitazama mashine, kisha akavuta ushungi wake mbele kama mtu aliyehisi baridi. Aliyesogea alikuwa Mwanaidi. Aliinuka mkekani, akaichukua, akaiwasha. Nilianza kueleza. Nilisema nilikuwa naikagua, kwamba kulikuwa na swali, kwamba kitaalamu nafasi ya kuhifadhi ilikuwa moja. Muziki wa bata ulikuwa ukinijibu. Kisha mtoto akainua uso.

"Baba, arobaini na nne zangu ziko wapi?"

Nikamwambia nimezifuta. Nilisema sikukusudia, sikusoma swali, na nilikuwa najaribu kuzirudisha kabla hajajua. Aliniuliza nimefika ngapi. Nikasema ishirini na sita. Alizima mashine, akaiweka mezani kwa uangalifu, akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Mastura alimgeukia Filipo akamwomba radhi kwa maneno machache, sauti yake ikiwa imeshuka kuliko nilivyowahi kuisikia. Filipo akamwambia hana neno naye, yeye alisema alichoambiwa na mumewe. Kisha akanigeukia mimi.

"Jina langu umeliharibia sokoni, mwalimu. Hapa nyumbani kwako halikuharibika. Kesho uje ulitengeneze palepale lilipovunjikia."

Nilikubali. Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa ameshasimama kutafuta viatu vyake. Alipoondoka, Mastura alikwenda jikoni. Nilimfuata nikamkuta anachambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa. Aliniambia, bila kuinua macho, kwamba aibu ya sokoni ataizoea, lakini alikuwa amewaambia watu wanne kwamba mume wake si mtu wa kusema uongo, na kwamba alilisema kwa sababu alikuwa analiamini. Kisha akaniomba nimpishe, nilikuwa nimesimama kwenye mwanga.

Jumamosi asubuhi nilikwenda. Nilikuwa nimeandika hotuba. Nasikitika kusema ilikuwa na utangulizi. Sokoni palikuwa pamejaa, na habari ilikuwa imenitangulia, kwa sababu mbele ya kibanda cha Filipo walikuwa wamesimama watu zaidi ya wale wanne: wauza mihogo, mpiga chapa wa fulana, Bi Rozalia na kapu lake, na wanafunzi wangu watatu waliojifanya wanachagua betri. Yohana alikuwa mmoja wao. Nilikunjua karatasi nikaanza kwa kusema kwamba katika maisha ya mwanadamu kuna vigeu vinavyojulikana na visivyojulikana. Filipo, aliyekuwa anachomea waya, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mwalimu, sema kwa Kiswahili cha sokoni."

Niliikunja karatasi. Nikasema kwamba sikuwahi kumletea Filipo mashine yoyote, kwamba nilidanganya nyumbani kwangu, kwamba mke wangu alikuja kusema hapa kwa kuniamini mimi, na kwamba mashine ilikuwa mikononi mwangu siku zote. Nikadhani nimemaliza. Bi Rozalia akauliza nilikuwa naifanyia nini. Nikasema nilikuwa nacheza. Akauliza mchezo gani. Hapo nilitazama huku na huku, lakini hapakuwa na stoo ya kujifungia, nikasema ni wa bata anayetafuta watoto wake.

"Umewapata?" aliuliza.

"Sita," nilijibu. "Wa saba amenishinda."

Kicheko kilianzia kwa wauza mihogo kikafika mpaka kwenye mabucha. Nimesikia vicheko vingi maishani, ila sijawahi kusikia kilichonistahili kama kile. Filipo mwenyewe hakucheka, lakini nilimwona akivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Bi Rozalia alitoa redio kwenye kapu lake, ikiwa bado imefungwa ndani ya kanga, akaiweka mezani kwa fundi na kumwambia skrubu mbili zimepotea, amsamehe. Filipo akaichukua, akatafuta kikaratasi, akaandika jina lake upya.

Nyumbani mambo hayakwenda haraka hivyo. Mwanaidi aliendelea kuniamkia kila asubuhi kama kawaida, shikamoo yake imenyooka, na baada ya hapo hakuna. Nilimpendekezea kwamba niendelee kucheza mimi mpaka nifike arobaini na nne, halafu nimkabidhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana, baba. Ukinisaidia tena nitakosa hata hizo ulizonazo." Akaanza upya, hatua ya kwanza, palepale mbele yangu, na kabla ya kubonyeza ndiyo alilisoma swali lote kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha darasa la nne. Nadhani hakuwa anasoma kwa ajili yake.

Ilimchukua siku tisa kufika ishirini na saba. Siku hiyo nilikuwa naanua nguo, kazi niliyokuwa nimeanza kuifanya bila kuombwa. Nilimwona amevuta mkeka kivulini, ulimi umetokeza. Nikasogea. Nikamwomba niangalie tu, mikono nitaiweka nyuma. Alifikiri, akasogea upande mmoja.

Aliwafikisha sita kama mimi. Nikahema. Kisha akabonyeza kitufe kidogo cha pembeni, ambacho kwa majuma yote yale nilidhani ni cha urembo. Bata mama akalia, na mtoto mmoja akatoka kiotani, akamfuata mama yake mpaka upande wa pili wa bonde, akakaa juu ya jiwe. Lango likafunguka. Wa saba akatoka, akaingia kiotani. Mama akarudi kumchukua yule wa jiweni. Muziki wa ushindi ukapiga.

Nilimuuliza alijuaje kwamba aliyekwisha fika anaweza kutolewa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si imeandikwa kwenye kijitabu? Ukurasa wa nne."

Kijitabu kilikuwa ndani ya boksi siku zote. Nilikwenda nikakitoa, nikasoma ukurasa wa nne, nikarudi nikasoma wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kulikuwa hata na mchoro wenye mshale.

Shule zilipofunguliwa nilimwita Yohana ofisini. Nilimwambia kwamba kwa masharti niliyoyaandika ubaoni, mimi mwenyewe nikiwa nimesahau sharti moja, jambo lile kweli halikuwezekana, na uthibitisho wake ulikuwa sahihi kila mstari. Nilikata ile sifuri nikaandika ishirini, na yale maneno ya kalamu nyekundu nikayafuta mpaka karatasi ikatoboka. Alishukuru. Alipofika mlangoni aliniuliza, kwa uso usio na hatia hata kidogo, kama wa saba alipatikana. Darasani walikuwa wameshaanza kuniita Mwalimu Bata, na jina hilo lilidumu kuliko jina lingine lolote nililowahi kuitwa. Wajukuu wa wanafunzi wangu watalirithi.

Mwanaidi alifika arobaini na nne mwezi wa Agosti, na hakuniambia. Aliyeniambia ni mama yake. Lakini hatua ya hamsini na mbili ilipomsumbua, alikuja mwenyewe uani akaniuliza kama nadhani gogo la kushoto lianze au la kulia. Nilifikiri kwa bidii nikasema la kushoto. Lilikuwa la kulia. Kesho yake aliniuliza tena jambo lingine, na hapo nilijua kwamba majibu yangu siyo aliyokuwa akiyahitaji, nikamjibu hivyo hivyo. Mastura naye akaanza kusogea na ungo wake, akisema huyo bata angepitia juu, na mara nyingi alikuwa sahihi kuliko mimi, ingawa hakuwahi kujua vitufe vinafanya nini.

Alimaliza ya sitini siku chache kabla ya Ramadhani. Kioo kilionyesha bata na watoto wote saba wakiogelea, na pongezi ndefu kwa Kiingereza. Alizisoma zote. Kisha akazima, akanikabidhi mashine na kijitabu chake, akasema sasa anataka kusoma vitabu vya hadithi, na akatoka kwenda kuruka kamba na wenzake barazani kwa jirani.

Nilibaki nayo mkononi. Mastura aliniuliza naitazamia nini. Nikaketi kwenye mkeka, nikafungua kijitabu ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma.